Paka haozwi kwa kiroba

Jamani vijana wa Mbinga, nani alituroga tukaamini kwamba watoto wa paka hutiwa kwenye kiroba wakamwagwa sokoni usiku? Mwenye gunia la mahindi anahangaika na panya, wewe unatupa dawa yake!

Kule Nairobi, eneo la Karen, kipo chama cha KSPCA kinachookoa wanyama waliotupwa na kuwatafutia nyumba. Paka wa pale hutolewa akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi. Siyo bora liende.

Mimi nasema paka naye aposwe kama binti. Mposaji ahojiwe. Je, nyumbani kwako mnatega sumu ya panya? Maana paka akila panya mwenye sumu, naye kwisha. Ukihamia Songea au Mbamba Bay utamchukua? Ukishindwana naye, mrudishe kwetu, siyo barabarani.

Nawe baba mkwe usiwe na haraka. Mtoto atimize kwanza wiki 8 kwa mama yake. Akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, kwani hata paka hukipata na kukuambukiza. Jike wa miezi 4 au 5 anaweza kushika mimba, na baada ya siku 65 hivi anazaa. Muone bwana mifugo afungwe kizazi, ama sivyo kiroba kinakusubiri tena.

Bwana harusi, mfungie ndani wiki 2 au 3 azoee. Ukimwachia siku ya kwanza, alfajiri utasikia yuko kwao. Talaka hiyo!