Safari za Siku Moja Kutoka Kamanga: Mgeni Aende Wapi na Arudi Vipi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025, msafiri atokaye Mwanza kuelekea Sengerema na Geita ana hiari ya njia. Anaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Usagara na kuvuka daraja hilo lenye urefu wa takriban kilomita 3 kwa dakika chache, au anaweza kupanda pantoni jijini na kuikata Ghuba ya Mwanza moja kwa moja hadi Kamanga. Zamani wengi walivuka kwa maji kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Leo mgeni anayeshuka Kamanga amechagua kushuka hapa, na jambo hilo lina uzito kwa mama lishe, dereva wa bodaboda, mvuvi na mwenye nyumba ya wageni.

Mgeni wa aina hiyo huuliza swali moja kabla ya mengine yote: kwa siku moja, naweza kuona nini? Makala haya yanajaribu kulijibu, ili kila mwananchi atakayeulizwa aweze kumwelekeza mgeni kwa uhakika.

Kipimo ni saa, si kilomita

Kosa linalowaponza wageni wengi ni kuhesabu umbali peke yake. Anayelala Kamanga na kutaka kutembelea upande wa jiji anapaswa kuanza hesabu na pantoni ya mwisho ya kurudi, kisha arudi nyuma saa kwa saa hadi apate muda wa kuondoka. Ratiba iulizwe asubuhi, kituoni, siku ileile ya safari. Atakayechelewa bado anaweza kurudi kwa barabara kupitia darajani hadi Sengerema, ila atalipa nauli zaidi na kufika usiku.

Zinazotosha siku moja

Mahali pa karibu zaidi ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyo ndani ya Jiji la Mwanza. Kisiwa hicho kilibeba jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake hapo kabla Serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, nayo ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa nchini. Mgeni huvuka kwa boti kutoka eneo la Capri Point kwa muda mfupi tu, kisha hutembea kwa miguu kati ya mawe makubwa akiona pimbi, swala pala, mijusi wa mawe na ndege wa majini. Nusu siku inatosha. Malipo ya kiingilio hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki, hivyo asitegemee fedha taslimu mkononi.

Mahali pa pili ni Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, mwendo wa takriban kilomita 20 kutoka jijini. Kituo hicho kilikuzwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeona kuwa ngoma, vifaa na historia ya watemi vinastahili kuhifadhiwa kabla havijatoweka. Humo mgeni ataona ngoma za kitemi, zana za uhunzi, vifaa vya uganga na kanisa lililojengwa kwa kufuata umbo la nyumba ya asili ya Kisukuma. Akifika mwezi Juni, kipindi cha Sikukuu ya Ekaristi, anaweza kukuta Bulabo, mashindano ya ngoma yanayowakutanisha wafuasi wa Bagika na Bagalu. Akijifunza kusema “mwangaluka” asubuhi na “mwadila” mchana, atapokelewa kwa uso mwingine.

Wala Kamanga yenyewe isisahauliwe. Kwa mkazi wa jiji aliyechoka na msongamano, safari ya pantoni peke yake ni matembezi: mawe yaliyobebana, mitumbwi ya wavuvi, tai wa samaki juu ya maji, na baadaye sahani ya sato kwa ugali huku upepo wa ziwa ukivuma.

Zinazohitaji kuondoka alfajiri

Lango la Ndabaka, upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, takriban kilomita 140 kutoka Mwanza. Safari ya siku moja inawezekana, lakini kwa gari la kukodi lililokwishapangwa na kwa kuondoka mapema. Mgeni wa Kamanga ni afadhali alale jijini usiku wa kuamkia safari, maana akisubiri pantoni ya asubuhi atafika langoni wanyama wameshajificha kivulini.

Butiama, mkoani Mara, ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Kuna kaburi lake na makumbusho ya maisha yake. Shule zinazopanga ziara ya wanafunzi zijue kuwa kwenda na kurudi siku moja huwachosha watoto, na muda wa kujifunza huwa mfupi kuliko muda wa kukaa ndani ya basi.

Zisizofaa kwa siku moja

Uungwana unatutaka tumwambie mgeni ukweli hata pale ukweli unapomkatisha tamaa. Ukerewe, kisiwa alichozaliwa mwandishi Aniceti Kitereza, inahitaji walau usiku mmoja, kwa kuwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio hutumia saa kadhaa kila upande.

Hali ni hiyohiyo kwa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977. Huko wanaishi nzohe, tembo na sokwe ambao wazazi wao wa kwanza waliletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1960. Hapa Kamanga ina nafasi yake, kwa kuwa mgeni anayeelekea Rubondo kupitia Sengerema na Geita anaweza kuanzia safari kwetu, kula kwetu na kulala kwetu akirejea.

Usalama majini

Ziwa letu limekwisha kutufundisha kwa gharama kubwa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Makaburi ya Igoma yanatukumbusha hadi leo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafariki dunia. Katika misiba yote miwili, vyombo vilibeba watu kupita uwezo wake.

Kwa hiyo mgeni, na mwenyeji pia, asipande chombo kilichojaa, hata kama ni cha mwisho. Avae jaketi okozi tangu kuondoka hadi kutia nanga, asilikalie. Mtumbwi wa kuvulia usigeuzwe chombo cha kutembeza watalii, kwa kuwa haukukaguliwa wala kusajiliwa kwa kazi hiyo. Na upepo unapobadilika, neno la nahodha la kuahirisha safari liheshimiwe bila ubishi.

Tahadhari nyingine ni kuogelea. Maji ya ufukweni penye magugu huweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho, na baadhi ya maeneo yana mamba na viboko. Mgeni aliyekwisha kuingia majini ashauriwe kupima katika kituo cha afya. Ugonjwa huo unatibika ukigunduliwa mapema.

Wajibu wetu wenyeji

Mgeni hukumbuka alivyotendewa kituoni kuliko mandhari aliyoyapiga picha. Dereva wa bodaboda ataje nauli kabla ya safari, iwe ileile kwa mwenyeji na mgeni. Mama lishe aweke maji ya kunawa na choo kilicho safi, na abandike bei mahali panaposomeka. Anayetaka kufungua nyumba ya wageni au kutembeza watalii afike kwanza kwa Afisa Biashara ili aelezwe leseni anayostahili, kwa sababu biashara isiyo na leseni haiwezi kutetewa mgogoro unapotokea.

Daraja limempa msafiri uhuru wa kutupita. Abiria anayeambiwa bei ya haki, saa sahihi ya pantoni na hatari za ziwa bila kufichwa ana sababu ya kurudi Kamanga, na ya kumwelekeza jirani yake apitie hapa pia.