Ufundi Unaohama na Mwenyewe

Anayeacha kazi aliyoizoea ili achore vitabu vya watoto huulizwa kwanza kama anajua kuchora. Swali ni la haki, ila halifiki mbali. Mhariri anatafuta mtu anayeweza kusimulia kwa picha, na uwezo huo wengi wameuchuma katika kazi ileile wanayoiacha.

Leo Lionni alikuwa msimamizi wa sanaa wa jarida la Fortune, Marekani. Siku nzima kupanga picha na maandishi. Akiwa safarini kwa treni na wajukuu wake wawili waliochoka kukaa, alichana vipande vya rangi kutoka jarida la Life, akavipanga juu ya mkoba wake, akaanza kuwasimulia: doa la buluu na la njano ni marafiki, wakikumbatiana wanageuka kijani. Kisa hicho kilitoka kama kitabu mwaka 1959, Lionni akiwa na miaka 49. Humo hamna uso wala mkono. Mtoto anawatambua wazazi kwa ukubwa na umbo la madoa, basi. Huo ni ufundi wa mpanga kurasa, na mwenyewe alihama nao.

Eric Carle naye alitoka kwenye matangazo. Mwandishi Bill Martin Jr. aliona kambakoche mwekundu katika tangazo la Carle, akamtaka amchoree kitabu, kilichotoka 1967. Kiwavi mlafi wa kitabu cha Carle cha 1969 alianzia kwenye rundo la karatasi zilizotobolewa kwa panchi.

Hata hivyo lipo la kujifunza upya. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa kwa mafungu ya 8 au 16. Mtu wa matangazo amezoea picha moja inayosema yote. Kitabuni, picha ikisema yote, mtoto hana haja ya kufunua ukurasa unaofuata.

Kwa hiyo kunja karatasi 8 katikati, zishone, upate kurasa 32. Chora kwa penseli, harakaharaka, hadithi nzima. Kisha msomee mtoto huku ukitazama mkono wake. Akiuvuta ukurasa kabla hujamaliza sentensi, weka alama hapo: ama picha imeisha mapema, ama hamu imemzidi. Uso wake utakuambia ni lipi.