Watu sita wanaweza kukosea pamoja

Wandugu wachimbaji, mama na watoto wa kazi, tuanze na jaribio. Noti ya franka 500 iko mu mufuko? Usiitoe. Sema kwanza: mbele kuna picha gani, nyuma gani? Sinyatire ya Guverneri wa Banki iko upande gani? Sasa toa, angalia. Tunaishika kila siku, lakini wengi wetu tutakosea. Kwa kulipa unga, rangi na namba vinatosha. Vingine kichwa hakikuviweka.

Mu Marekani, mwaka 1979, Nickerson na Adams waliomba watu wachore senti moja ya kwao, ile yenye kichwa cha Lincoln. Karibu wote walishindwa kuweka kila alama pahali pake.

Lakini kusahau ni kitu kimoja, kukumbuka pamoja kitu chenye hakikufanyika ni kingine. Kuna watu wengi wanaoapa kama Mandela alikufa mu gereza miaka ya 1980. Wengine wanakumbuka hata mazishi. Na sisi wote tunajua: alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, akawa Rais tangu 1994 mupaka 1999, akafa tarehe 5 Desemba 2013. Njo kwa sababu hiyo watu wanaita jambo hili « effet Mandela ». Labda wengine walimuchanganya na Steve Biko, mwenye alikufa mikononi mwa polisi mwaka 1977.

Kumbukumbu si foto. Kila mara tunapokumbuka, ni kama tunajenga nyumba upya. Tofali lenye kukosekana tunaliazima kwa jirani. Mwaka 1974, Loftus na Palmer walionyesha watu filme ya motokari zilizogongana. Wamoja waliulizwa zilikuwa na mbio gani « zilipogongana », wengine « zilipopondana ». Kisha juma moja wakaulizwa: muliona vioo vilivyovunjika? Mu filme hakukuwa vioo vilivyovunjika. Lakini kwa watu 50 wa « kupondana », 16 walisema waliviona. Kwa 50 wa « kugongana », 7. Neno moja tu liliwavunjia vioo.

Kwa nini sendika inawaelezea mambo haya? Kwa sababu yalitupata. Siku moja usiku, kamyo ilirudi nyuma ikamuponda mwenzetu muguu. Sisi tulikuwa sita pale. Siku tatu tulikaa kwa nyumba yake, tukizungumuza. Mumoja akasema: « Sirene haikulia, wandugu! » Kesho yake watu wawili walikuwa wameisikia ile kimya. Siku ya tatu tulikuwa sita. Mbele ya wakubwa tulisema kwa sauti moja. Kampani ikatoa rapore ya mashini: sirene ilikuwa nzima. Kisha tukapata kaye ya kijana mumoja wetu, mwenye aliandika usiku ule ule: « Sirene ililia. Taa ya nyuma ilikuwa imezimika. » Hata yeye alikuwa amesahau maneno yake mwenyewe.

Hatukusema bongo. Tulikumbuka vile. Lakini taa ndiyo ilikuwa kosa la kampani, na sisi tulilia sirene. Tulipoleta habari ya taa, wakatujibu: « Munabadilisha maneno. » Malipo ya mwenzetu yakakwama, na watoto wake wakakaa mwaka muzima bila masomo.

Kwa hiyo, kukitokea aksida:

Kwanza, okoa mutu. Kisha kila mushahidi aandike peke yake, siku ile ile, mbele ya kuzungumuza. Mwenye hajui kuandika aelezee delege, wawili tu.

Andika chenye uliona na chenye ulisikia. Chenye uliambiwa, andika « niliambiwa ».

Delege, usiulize « Sirene haikulia? » Uliza: « Ulisikia nini? »

Tena, maneno ya mashahidi yakiachana kidogo, musiogope na musiyalinganishe kwa nguvu. Umoja wetu ni kwa kudai haki. Kwa kushuhudia, kila mutu na macho yake.