Ngeli, Kitu na Tendo: Programu ya Mwanzo ya Kukokotoa Ujira

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mwanafunzi anayeanza kuandika programu za kompyuta anavyoweza kuunda programu ya kukokotoa ujira kwa mtindo wa vitu. Asili ya mtindo huo ni lugha ya Simula 67, iliyobuniwa mjini Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Baadaye ulienea kupitia lugha kama C++ na Java. Hoja ya msingi ni kwamba dhana inayowatatiza wanaoanza ina kifani katika sarufi ya Kiswahili, nacho ni ngeli. Istilahi hiyo yafaa kuliko “darasa”, linaloleta picha ya chumba cha kusomea, au “tabaka”, ambalo linapotajwa pamoja na wafanyakazi huelekeza fikra kwenye siasa.

2.0 Tatizo

Ichukuliwe, mathalani, kampuni yenye wafanyakazi wa mwezi na vibarua wa saa. Anayeanza huandika agizo moja: ikiwa mfanyakazi ni wa mwezi, alipwe mshahara wake; vinginevyo, saa zake zizidishwe kwa kiwango cha saa. Agizo hilo halina dosari hadi kampuni inapoajiri wakala wa kulipwa kwa kamisheni. Wakala huangukia kwenye “vinginevyo”, na kwa kuwa hana saa zilizoandikwa, ujira wake huwa sifuri. Kompyuta haioni kosa. Anayeliona ni mwenye jasho lake.

3.0 Muundo wa Programu

Katika mtindo wa vitu, huundwa kwanza ngeli mama, Mfanyakazi, yenye sifa za jina na namba, pamoja na tendo “kokotoa ujira” ambalo hutajwa tu bila kuelezwa. Ngeli mbili, WaMwezi na Kibarua, hurithi sifa hizo, na kila moja hueleza tendo hilo kwa namna yake. WaMwezi hurejesha mshahara uliokubaliwa. Kibarua hufuata saa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu. Hivyo kibarua wa shilingi 2,000 kwa saa aliyefanya kazi saa 50 hupata:

45 × 2,000 = 90,000
5 × 3,000 = 15,000
Jumla = 105,000

Programu kuu hupitia orodha na kumwambia kila mmoja “kokotoa ujira”, bila kuuliza ni wa aina gani. Wakala akiajiriwa, huongezwa ngeli yake bila kugusa zilizopo. Mwandishi akisahau kueleza tendo la ngeli hiyo, lugha kama Java hukataa kuitafsiri programu, na kosa hugunduliwa kabla ya siku ya malipo.

4.0 Ulinganisho na Sarufi

Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Kibarua kipya kimepatikana.
    b. Kibarua mpya amepatikana.

Kitenzi ni kilekile, -patikana. Nomino ndiyo inayoamua umbo lake. Katika (1a) kibarua ni kazi, na upatanisho ni wa ki-. Katika (1b) ni mtu: umbo la nomino limebaki na ki-, lakini uhai umetangua upatanisho huo. Vivyo hivyo, ngeli ya programu hurithi umbo kutoka kwa mama yake, lakini huweza kutangua tendo lililorithiwa na kuweka lake.

Hata hivyo, ulinganifu huu una mipaka. Msemaji wa Kiswahili huzikuta ngeli zimekwisha pangwa. Mwandishi wa programu huzipanga mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuandika agizo lolote, hana budi kuchunguza ni watu gani hasa wanaolipwa, na kwa mapatano gani.