Waraka wa Mangapwani kwa Wakala wa London

Watu wa mwambao, tangu zama ambazo barua zao ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, walizoea kuupamba waraka kwanza na kuusemesha baadaye: jina la mwandikiwa hutanguliwa na sifa za taadhima, zikafuata salamu, zikafuata khabari za afya ya mwandishi na jamaa zake, na hapo ndipo, kwa kauli ya “baada ya salamu, nakuarifu”, shauri lenyewe linapodhihiri. Barua za zama hizo alizozichapisha Mjerumani Büttner huko Berlin mwaka 1892 zimetuhifadhia sampuli za adabu hiyo, nayo ingali hai Unguja. Lakini ipo barua moja ambayo adabu hiyo huidhuru badala ya kuifaa, nayo ni ile ambayo mtunzi wa riwaya humwandikia wakala wa vitabu wa Uingereza au Marekani.

Wakala huyo ni dalali baina ya mtunzi na mchapishaji. Kazi yake ilishika mizizi London katika robo ya mwisho ya karne ya 19 kwa mkono wa A. P. Watt, ambaye alikuwa akikata asilimia 10 ya malipo ya mtunzi. Leo desturi ni asilimia 15 kwa mauzo ya nchini na 20 kwa mauzo ya nje. Wachapishaji wakubwa aghalabu hawaupokei muswada ila upitie kwake, naye haombi kuusoma mzima ila kwanza aridhike na barua ya ukurasa mmoja, ambayo huambatana na muhtasari na kurasa chache za mwanzo. Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, atunukiwe Nobel mwezi wa Oktoba 2021, wapo vijana wetu wanaodhani kwamba mlango huo sasa u wazi. Ingefaa wakumbuke kwamba riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, karibu miaka 20 baada ya yeye kuhamia Uingereza.

Mwalimu mmoja wa skuli huko Mangapwani, ambaye kwa matakwa yake simtaji jina, ametunga kwa Kiingereza riwaya juu ya kile chumba cha watumwa kilichochongwa katika mwamba wa matumbawe karibu na pwani, ambamo, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, watu waliendelea kufichwa kwa magendo. Barua yake ya kwanza ilianza kwa kumwombea afya wakala wa London, bibi asiyemjua. Ikamtaka radhi kwa kumpotezea wakati. Ikasema kwamba mwandishi ni mtu wa shamba ambaye Kiingereza chake kina kasoro. Kisha ikaingia katika historia ya utumwa tangu enzi ya Wareno, na hadi mwisho wa ukurasa wa pili msomaji alikuwa hajajua ni nani katika riwaya hiyo, anataka nini, na kipi kinachomzuia.

Aliyemfaa hakuwa bingwa wa ng’ambo, bali mwalimu mwenzake wa hesabu, mtu ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa muswada ule. “Maalim,” alimwambia, “hebu weka karatasi chini, unihadithie kama unavyonihadithia tukingoja gari ya Bumbwini.” Akahadithia, na yule mwenzake akawa anaandika. Kijana mchota maji wa Mangapwani, miaka michache baada ya mkataba, anamtambua dada yake miongoni mwa watu waliofichwa chumbani wakingoja jahazi ya usiku. Pepo za kusi zimekwisha kushika, jahazi haitakawia, na mwenye kumlipa ujira wake ndiye mwenye ufunguo. Hiyo ndiyo barua. Yaliyobakia ni machache: jina la riwaya na hesabu ya maneno yake, maelezo mafupi kwa nini ameandikiwa wakala huyu na si mwingine, na sentensi moja mintaarafu ya mtunzi, ambayo ndani yake kuzaliwa na kukulia Mangapwani si kasoro ya kuombewa radhi, bali ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote.

Hilo la kumchagua wakala huwasumbua wengi bure. Watunzi wengi huwashukuru mawakala wao katika kurasa za mwisho za vitabu vyao, na mwenye kuzisoma katika riwaya za pwani hupata orodha ya watu waliokwisha kuonyesha kwamba wanazipenda khabari za pwani kama hizi. Gurnah mwenyewe huwakilishwa na Rogers, Coleridge & White wa London; lakini nyumba kubwa kama hiyo hupokea barua nyingi mno, na si vibaya kuwatazama pia mawakala wachanga ambao bado wanatafuta watunzi.

Hadhari moja haina budi kutolewa. Wakala wa kweli hali mpaka mtunzi ale. Anayetaka fedha ili asome muswada, akimbiwe. Hata pale malipo yalipo ya halali, kazi yaweza kupotea: Chinua Achebe alipeleka muswada wake pekee wa Things Fall Apart, ulioandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya wapigaji chapa huko London, pamoja na ada waliyoitaka, na mambo yakanyamaza miezi mingi hata mkubwa wake wa kazi, Bibi Angela Beattie, alipokwenda mwenyewe kuwadai. Asingekwenda, huenda kitabu kile kisingetoka mwaka 1958.

Nilimwuliza mwalimu yule kwa nini hakuandika kwa Kiswahili, na jawabu lake, kwamba Kiswahili hakina wakala, ni kweli lakini halikuniridhisha. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi hakuwa na wakala alipoushindanisha Mzimu wa Watu wa Kale katika mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957 hadi 1958, akapata zawadi ya kwanza. Miaka ya karibuni zimekuwapo Tuzo ya Safal-Cornell na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, na wapo wachapishaji kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, ambao mtunzi huwaandikia mwenyewe. Nao pia wanahitaji barua iliyonyooka.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar watenge jioni moja kila mwezi, watunzi wa mjini na mashamba waje na barua zao, zisomwe kwa sauti na kukosolewa bila ya haya. Gharama yake ni chumba, viti na birika la kahawa.