Hesabu Siku Zako Kabla ya Kuupanda Mlima Kilimanjaro

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, na kilele hicho chenye kimo cha mita 5,895 kikapewa jina la Uhuru. Kila mwaka siku hiyo inapokaribia, makundi ya Watanzania hufunga safari kwenda kukikwea: wafanyakazi wa ofisi moja, wanafunzi waliosoma pamoja, vijana wa mtaa mmoja waliochangishana kwa miezi kadhaa. Ni jambo la kufurahisha, kwani kwa muda mrefu tuliuona mlima huu kuwa ni wa wageni, nasi kazi yetu ikawa ni kuwabebea mizigo.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya wanaojiandaa kwa safari hiyo, swali linalotawala aghalabu ni la nguvu. Je, nitaweza? Nianze kukimbia lini? Mazoezi yana faida yake, na asiyezoea kutembea saa sita kwa siku atateseka. Lakini wengi wanaokwama katika milima mirefu hawakwamishwi na miguu, bali hukwamishwa na uchache wa siku walizojipangia.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa uwiano uleule wa asilimia 21 kama ile ya ufukweni Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Katika kilele cha Uhuru mgandamizo huo ni takriban nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi humletea mtu takriban nusu tu ya oksijeni aliyoizoea. Mwili una namna yake ya kukabiliana na upungufu huo: hupumua kwa kasi zaidi, hubadilisha kazi ya figo, na baadaye huongeza chembe nyekundu za damu. Yote hayo huhitaji siku, wala hayaharakishwi kwa mazoezi. Ndiyo maana mcheza mpira wa miaka 22 aweza kuzidiwa ilhali mjomba wake wa miaka 55 akafika salama. Yumkini kijana huyo alijiona ana nguvu, akatangulia mbio, na mjomba akafuata polepole kama alivyoelekezwa na mwongozaji.

Madaktari wanaoshughulika na tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kupumzika. Sasa tuitazame njia ya Marangu, inayopendwa na wengi kwa sababu ina vibanda vya kulala na gharama yake ni nafuu. Usiku wa kwanza hulaliwa Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, takriban mita 4,700. Huko mtu hapati hata usiku mzima, kwa kuwa huamshwa kabla ya saa sita ili aanze kukikabili kilele gizani. Yaani kila siku mwinuko wa mita elfu moja, mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa, kisha ndani ya saa chache mita nyingine takriban 1,200. Safari nzima, pamoja na kushuka, huchukua siku tano.

Njia hiyohiyo yaweza kwendwa kwa siku sita. Siku inayoongezeka hutumika Horombo: asubuhi msafiri hupanda hadi karibu mita 4,000, kisha hurudi kulala palepale alipolala jana. Kwa asiyejua itaonekana kuwa ni siku ya bure, na ndiyo siku ambayo vikundi vyenye fedha kidogo huifuta kwanza, maana kila siku ya ziada ina kiingilio chake, malipo ya waongozaji na wapagazi, na chakula. Kwa maoni yangu, kikundi kisichoweza kuilipia siku hiyo mwaka huu ni afadhali kiendelee kuchangishana hadi mwakani. Si haki mtu alipe gharama zote za safari kisha aikose ile siku moja inayomsaidia kufika na kurudi akiwa mzima.

Njia ya Machame hupitia utaratibu mwingine wenye maana ileile. Siku ya tatu msafiri hupandishwa hadi mnara wa mawe uitwao Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha hushushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wapo wanaolalamika kwamba wamechoshwa bure. La hasha. Mwili umeonjeshwa hewa nyepesi, halafu ukapewa usiku wa kujirekebisha mahali pa chini zaidi. Njia hii sharti ilaliwe katika mahema, na walio wengi huipanga kwa siku sita au saba. Saba ni bora.

Maradhi ya mwinuko huanza na kichwa kuuma, hamu ya chakula kutoweka, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na kizunguzungu. Dalili hizo zikiwa nyepesi, huwapata wengi, na tiba yake ni kutopanda zaidi mpaka ziishe. Zisipoisha, mtu hushuka. Zipo dalili nyingine ambazo hazingojwi hata kidogo: kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa katika maneno, kuhema ilhali umekaa kitako, kukohoa makohozi yenye povu. Hapo ubongo au mapafu yanaanza kujaa maji, na mgonjwa huteremshwa saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi ambayo husaidia mwili kuzoea mwinuko. Itolewe na daktari kabla ya safari, wala isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kwenda haraka.

Jambo ninalolihofia zaidi ni aibu. Kijana aliyeagwa kwa vigelegele mtaani, ambaye wenzake wanasubiri picha yake kando ya bango la kileleni, huona vigumu kumwambia mwongozaji kwamba kichwa kinamuuma. Hulazimisha chakula mbele za watu, hutapika kwa siri nyuma ya hema, na asubuhi hujibu kuwa yu salama. Wazazi wana nafasi hapa. Kabla ya kutoa mchango, mwulizeni kiongozi wa msafara: Ni siku ngapi? Waongozaji wasaidizi ni wangapi? Mmoja akiumwa, nani atashuka naye, na je, wenzake wataweza kuendelea? Ikiwa kurudi kwa mmoja kutavunja safari ya wote, mgonjwa hatathubutu kusema. Na mwambieni mtoto wenu waziwazi, kabla hajapanda basi, kwamba akirudia Horombo atapokewa kwa furaha ileile.

Wako pia wasiopaswa kwenda. Mwenye selimundu asipande milima ya kimo hiki, na hata yule aliyerithi kinasaba kimoja tu, asiyeumwa, aonane na daktari kwanza, kwa sababu upungufu wa oksijeni waweza kumletea madhara ya bandama. Wenye maradhi ya moyo au ya mapafu, hali kadhalika wajawazito, nao waanzie kwa daktari.

Kwa anayeanza kabisa, sioni sababu ya kuanza na Kilimanjaro. Mkazi wa Dar es Salaam au Morogoro anayo Uluguru, ambako kilele cha Lupanga kina zaidi ya mita 2,100 na hukwewa na kushukwa kwa siku moja yenye jasho la kutosha. Hapo atajua kama viatu vyake vinamchubua. Baada ya hapo Mlima Meru, mita 4,566, kwa siku tatu au nne, huku akisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo. Meru itamwonyesha jinsi mwili wake unavyopokea mwinuko, jambo ambalo halitabiriki mpaka lijaribiwe.

Mavazi yasimtishe mtu. Makoti mazito hupatikana katika mitumba ya soko la Memorial mjini Moshi, na vifaa vingine hukodishwa mjini humo na Arusha. Baridi ya kileleni usiku hushuka chini kabisa ya sifuri, hivyo nguo huvaliwa tabaka juu ya tabaka, na ile inayogusa ngozi isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki. Vazi la stara halimzuii binti kupanda. Liwe tu na urefu usiokanyagwa, na ushungi uwe wa kitambaa chepesi kinachoingia chini ya kofia. Viatu pekee visiwe vipya siku ya safari.

Walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni, lakini si lazima wabaki nyumbani. Familia yaweza kutembea kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo, ndani ya msitu wenye mbega na ukungu, kwa saa tatu hivi za kupanda. Pakiti za chakula zitoke nyumbani asubuhi, na makoti ya mvua yawemo hata kama Moshi kuna jua.