Familia ya Lorang: Wafugaji wa Turkana Katika Filamu (Sehemu ya Kwanza)

Miongoni mwa filamu zilizopigwa nchini Kenya kuhusu wafugaji wa kuhamahama, yaani watu wanaohama na mifugo yao kufuata maji na malisho, ni chache zinazostahili kutazamwa kwa makini kama zile tatu ambazo David na Judith MacDougall walizipiga kaskazini-magharibi mwa nchi katika miaka ya 1973 na 1974, wakiifuatilia familia ya Lorang, mzee wa Kiturkana. Filamu hizo, The Wedding Camels, Lorang's Way na A Wife Among Wives, zilitoka kati ya mwaka 1977 na 1981.

Filamu nyingi za zamani kuhusu Afrika zilikuwa na msimulizi, yaani sauti ya mtu asiyeonekana ambaye humweleza mtazamaji maana ya kila anachokiona. Hapa wanaozungumza ni Waturkana wenyewe, kwa lugha yao, tafsiri ikiandikwa chini ya picha, na maswali ya wapiga picha yanasikika, hivyo hakuna anayejifanya kwamba kamera haikuwapo.

Faida ya utaratibu huo inaonekana zaidi katika The Wedding Camels. Akai, binti ya Lorang, anaposwa na Kongu, rafiki wa babake na wa rika lake. Kwa ukaribu huo kila mtu anatarajia mambo yaende shwari, lakini wazee wanapoketi kuhesabu ngamia na mifugo mingine, maneno yanakuwa mazito na mwafaka unakawia. Lorang akidai kidogo, jamaa zake wanaotazamia mgao wao wataona amewapunja, na akidai kupita kiasi ataharibu urafiki wa miaka mingi. Anayedhani kwamba hayo ni mapatano ya bei tu amekosea sana. Msomaji wa Kisumu, Bondo au Homa Bay hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa maana Waluo nao tangu jadi wametoa mahari kwa ng'ombe, huku jagam, yaani mshenga, akizipatanisha pande mbili zenye ndugu wengi wa kuridhishwa.

Walimu wa historia katika shule na vyuo vya mwambao wa Ziwa Victoria hawana budi kuitafuta filamu hii na kuwaonyesha wanafunzi wao, ambao mara nyingi huisikia Turkana katika habari za ukame na wizi wa mifugo pekee.

Sehemu ya pili itaichambua A Wife Among Wives, inayohusu ndoa ya wake wengi kama wanavyoieleza wanawake wenyewe.